Peugeot 504 ya marehemu baba inaliwa na kutu: kipi nifanye mwenyewe nyumbani?

Msomaji wa Nyakato, Mwanza, ameniandikia hivi: "Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia Peugeot 504 saluni ya mwaka 1977. Miaka mingi aliitumia kubeba samaki na kayabo kutoka mwaloni Kirumba, kisha ikakaa chini ya mwembe hapa nyumbani kwa miaka sita. Injini inawaka. Tatizo ni bodi. Rangi imevimba sehemu za chini za milango yote minne, digadi la mbele kushoto lina tundu linaloingia kidole, boriti ya bati iliyo chini ya mlango wa dereva ukiigonga inatoa sauti ya kopo, na kapeti hubaki na maji siku tatu baada ya mvua. Fundi wa mtaani ameniambia atajaza faiba na puti, apulizie rangi, na baada ya siku mbili nitachukua gari. Mimi nina grainda, mashine ya kuchomelea ya vijiti ya binamu yangu, na uwanja wenye ukuta. Je, kazi hii naweza kuifanya mwenyewe? Nianzie wapi? Na je, nipake rangi gari zima?"

Marahaba, kijana wangu, na pole kwa kufiwa na mzazi. Nitakujibu moja kwa moja kwanza, kisha nieleze. Digadi na milango unaweza kuifanya mwenyewe ukiwa na subira. Sehemu ndogo za sakafu unaweza pia. Boriti ya chini ya mlango andaa mwenyewe kila kitu, lakini uchomeleaji wake mpe mtu ambaye mkono wake umeshazoea bati jembamba. Ahadi ya siku mbili ikatae kwa heshima. Na grainda usiiguse bado, kwa sababu kazi hii inaanza na ndoo ya maji.

Nasema hivyo kwa kuwa kutu unayoiona kwenye rangi imetokea upande wa pili wa bati. Rangi ya nje inapovimba chini ya mlango, chuma kimekuwa kikiliwa kutoka ndani kwa muda mrefu, mahali ambapo maji yaliingia na hayakupata pa kutokea. Anayeziba tundu bila kuyafungulia maji njia ameyafungia ndani pamoja na chuma kipya alichoweka, na baada ya masika mbili au tatu utamrudia na tatizo lile lile, safari hii likiwa kubwa zaidi.

Watu wengi wa kwetu huamini kwamba gari la Mwanza haliozi kama la Dar es Salaam au Tanga, kwa sababu maji ya ziwa letu ni baridi, hayana chumvi. Kuna ukweli ndani yake, kwani hewa ya bahari hubeba chumvi na chumvi huharakisha kutu sana. Gari lako, hata hivyo, lilikuwa na chumvi yake lenyewe. Kayabo ni sangara aliyekaushwa kwa chumvi, na maji yanayochuruzika kutoka kwenye mzigo wa namna hiyo hupenya kwenye kapeti, hushuka kwenye viungio vya sakafu ya buti, na kubaki pale. Chumvi iliyokwisha kukauka kwenye kiungio haijaondoka. Hunyonya unyevu wa hewa kila usiku, na unyevu huo wenye chumvi hupitisha umeme mdogo kati ya sehemu moja ya chuma na nyingine, na huo ndio unaokila chuma. Ndiyo maana nakushauri, kabla ya jambo lolote, utoe viti, kapeti na zile karatasi za lami zilizobandikwa sakafuni kuzuia kelele, uoshe sakafu na buti kwa maji safi mengi yenye sabuni kidogo, mara mbili au tatu kwa siku tofauti, kisha uache milango wazi juani hadi pakauke kabisa. Vile vizibo vya mpira vya sakafuni vitoe vyote ili maji yatoke. Osha hapo nyumbani. Usilipeleke ufukweni kuliingiza majini kama wafanyavyo wengine, maana gari linaloingia ziwani hadi usawa wa ekseli hurudi na maji na mchanga ndani ya boriti zake.

Gari likishakauka, tafuta maji yanapoingilia. Mweke mtu ndani akiwa na tochi, wewe mwagia maji taratibu kwa mpira usiokuwa na nguvu, ukianzia chini na kupanda juu, dakika tano kila sehemu. Ukianzia juu, maji yatashuka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Kwa gari lililokaa chini ya mwembe, mimi ningeangalia kwanza mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, pale hewa inapoingilia. Majani ya mwembe huoza humo yakawa udongo mweusi, udongo ukaziba vitundu vya kutolea maji, na maji yakafurika kuelekea miguuni kwa dereva. Fungua, chota uchafu kwa mkono, halafu pitisha waya laini. Kama gari lako lina dirisha la paa, lile la bati linaloteleza, kona zake zina mipira myembamba inayoteremsha maji kupitia ndani ya nguzo. Ikiziba au kuchomoka, maji huishia ndani ya boriti. Halafu angalia milango. Mlango wa gari lolote huingiza maji kupitia ukingo wa kioo, ndivyo ulivyotengenezwa, na maji hayo yanatakiwa yatoke kwa vitundu vilivyo ukingoni chini. Nyuma ya ubao wa ndani wa mlango kulikuwa na karatasi ya nailoni. Ikiwa imechanika, na baada ya miaka karibu hamsini sioni kwa nini isichanike, maji hupita hapo yakaingia kwenye kapeti. Nadhani nusu ya maji yako yanatoka huko.

Juu ya vitundu vya mlango ninazungumza kwa uchungu. Nilipokuwa bado kijana kazini niliutengeneza mlango wa mteja, nikaukata na kuuchomelea vizuri, kisha kwa kutaka kuulinda nikaupaka ndani na chini dawa nzito ya lami, nikaziba vitundu vyote vitatu bila kufikiri. Masika mbili baadaye gari lilirudi. Nilipoufunga mlango ule nilisikia maji yakicheza ndani kama kwenye kibuyu. Bati langu jipya lilikuwa limeliwa kuliko la zamani. Niliutengeneza tena bila malipo, na tangu siku hiyo sikabidhi mlango kabla sijamwaga lita moja ya maji kwa juu na kuona yote yametoka kwa chini.

Baada ya maji, pima ukubwa wa ugonjwa. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa laini ili isikwaruze, uipitishe juu ya bodi. Inaposhika vizuri, chini yake kuna bati; inapolegea au kuanguka, chini kuna puti ya zamani, yaani lile jazo la kusawazishia bodi. Weka alama kwa chaki. Halafu gonga kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia kwa sauti ya juu yenye mwangwi, bati lililooza hutoa sauti butu, kama karatasi ngumu. Hapo kwenye sauti butu bonyeza kwa ncha ya bisibisi bila kuogopa. Ikizama, sehemu hiyo haikuwa bati tena bali rangi iliyoshikilia kutu. Usishangae tundu la kidole likiwa la kiganja. Tundu la digadi lako litakuwa hivyo. Piga picha kila sehemu na uandike vipimo, kwa sababu baada ya miezi miwili utakuwa umesahau bolti ipi ilikaa wapi.

Kabla cheche ya kwanza haijaruka, fanya haya bila kupunguza hata moja. Ondoa betri, na chomoa nyaya za altaneta. Toa tangi la mafuta na ulipeleke mbali na eneo la kazi. Usijiambie kwamba ni tupu, kwa kuwa tangi tupu lililojaa mvuke wa petroli ni la hatari kuliko lililojaa petroli yenyewe. Funika vioo kwa magunia yaliyolowa, kwani cheche za grainda huyeyuka na kuzama kwenye kioo na hazitoki tena. Weka ndoo mbili za mchanga, ndoo ya maji na kizima moto karibu. Ukimaliza kuchomelea, kaa na gari saa nzima kabla ya kwenda kula, maana lami ya zamani na sufi za ndani ya bodi hufuka polepole bila kuonyesha moshi. Vaa miwani unapotumia grainda, na kinyago cha kuchomelea chenye kioo giza kuanzia namba 10. Watoto wasiwepo uwanjani. Msasa wa rangi ya zamani upige kwa maji, si mkavu, kwa sababu rangi za miaka ile nyingi zilikuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Anza na digadi, kwa kuwa litakufundisha mengi na makosa yake hayaharibu umbo la gari. Madigadi ya mbele ya 504 yamefungwa kwa bolti, hivyo unaweza kulitoa lote na kulifanyia kazi mezani. Bolti zilizoshikwa na kutu zimwagie mafuta ya kupenya jioni, uzirudie asubuhi na tena jioni ya pili, kisha jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Mara nyingi ule mwendo mdogo wa kukaza ndio unaovunja kutu. Utakapolitoa utaona sababu ya tundu: nyuma ya gurudumu, kati ya digadi na nguzo ya mlango, kuna mfuko unaokusanya tope. Nimewahi kutoa humo udongo mkavu wa ukubwa wa tofali la kuchoma, ukiwa na mizizi ya majani ndani yake.

Kata kutu yote. Hapa ndipo watu wengi huona huruma na kuharibu kazi. Bati lililobaki na madoa ya vishimo vyeusi vya kutu linaonekana bado lina nguvu, lakini kwenye vishimo hivyo brashi ya waya haifiki chini. Kata hadi uone bati linalong'aa pande zote mbili, halafu ongeza sentimita mbili. Kona za tundu zifanye za mviringo, kwa sababu kona kali hukusanya joto na hupasuka baadaye. Kisha chukua katoni, hata ya biskuti, kata kiolezo kinachokaa sawasawa kwenye tundu, kikunje mpaka kifuate mbonyeo wa digadi, ndipo uhamishie umbo hilo kwenye bati.

Bati lenyewe liwe jeusi lisilo na zinki, la geji 20, yaani karibu milimita 0.9, ambalo halitofautiani sana na la kiwandani. Kwa boriti na sehemu za kubeba uzito tumia geji 18, karibu milimita 1.2. Usitumie bati la kuezekea nyumba, hata ukilikuta limebaki uani. Kwanza ni jembamba mno. Pili, lina zinki, na zinki huchemka ikawa mvuke kwenye nyuzi joto 907 wakati chuma hakijayeyuka hadi kwenye 1,500 hivi. Mvuke huo ukiuvuta utashikwa jioni na homa na baridi kama ya malaria, na maziwa ambayo mafundi wengi huyanywa kama kinga hayazuii chochote. Kinachozuia ni kutouvuta. Mahali pazuri pa kupata bati lenye mkunjo unaohitaji ni kwenye mlango au boneti la gari chakavu. Nimekata vipande vizuri sana kutoka kwenye magari ambayo watu walikuwa wanayapeleka kuuzwa kwa kilo.

Sasa tuzungumzie mashine ya binamu yako. Mashine ya vijiti hufaa geti na madirisha. Kwa bati la milimita 0.9, hata ukitumia kijiti chembamba cha milimita 2 na umeme mdogo kabisa, utatoboa kuliko unavyounga. Gesi ya oksijeni na asetilini, ambayo wazee wetu waliitumia kwa ustadi mkubwa, huunga vizuri lakini hupasha moto eneo pana, na mlango mpana ukipashwa moto hujikunja kama jani la mgomba. Kazi hii inataka mashine ya migi, inayosukuma waya na gesi ya kukinga, ikiwa na waya wa milimita 0.6. Azima, kodi, au changia na mwenzio. Ile ya waya usiotumia gesi itakusaidia kwenye boriti, lakini kwenye mlango ina moto mwingi kupita kiasi.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo mtu asiyeishi kando ya ziwa hatakueleza. Gesi ya migi hupeperushwa na upepo mdogo tu, na hapo kiungio hujaa vitundu kama mkate. Upepo wa ziwani huanza kuvuma kadiri jua linavyopanda na huzidi mchana. Kwa hiyo chomelea asubuhi mapema, au weka kinga ya magunia upande wa ziwa. Wengi wameilaumu mashine bure, kumbe tatizo lilikuwa upepo.

Kipande kikae usawa mmoja na bati la zamani, kikiacha mwanya wa milimita moja hivi, wala kisilale juu yake. Kipande kilicholala juu huacha mfuko wa kushika maji, na hapo ndipo kutu ya pili huzaliwa. Piga kidoti kimoja, nenda upande wa pili upige kingine, kisha juu, kisha chini, hadi vidoti viwe umbali wa sentimita tatu kila kimoja. Halafu jaza katikati kidoti kimoja kimoja, ukirukaruka, na usirudi mahali mpaka uweze kuweka kiganja bila kuungua. Usipoozeshe kwa maji. Nyuma ya kiungio shikilia kipande cha shaba: omba kwa mafundi friji bomba la shaba, uligonge liwe bapa. Chuma kilichoyeyuka hakigandi kwenye shaba, na shaba hunyonya joto, hivyo hata ukitoboa kidogo tundu hujifunga lenyewe. Mlango mmoja kwa namna hii unaweza kuchukua siku mbili, na ndiyo maana ahadi ya gari zima kwa muda huo huo haikunipendeza.

Kwenye mlango, bati la nje limekunjwa kuzunguka fremu ya ndani, na kutu hupenda kukaa ndani ya mkunjo huo. Mara nyingi fremu yenyewe pia huwa imeliwa. Saga ukingo wa mkunjo kwa grainda mpaka bati zitengane, kata ukanda wa chini wa bati la nje, sentimita nane hadi kumi na mbili, tengeneza fremu kwanza, paka ndani epoksi, ile praima isiyopitisha maji, kisha weka ukanda mpya na uukunje kwa nyundo polepole ukitumia chuma kizito kwa nyuma. Kabla ya kuchomelea, ufunge mlango kwenye gari na uangalie kama mianya yake ni sawa pande zote. Fanya mlango mmoja hadi mwisho ndipo uanze wa pili.

Boriti ya chini ya mlango ni habari nyingine. 504 saluni haina chesisi ya pembeni kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa, na boriti hizo mbili ndizo zinazozuia gari lisipinde katikati. Fahari ya magari haya, yaliyoanza kuuzwa mwaka 1968 na kushinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, ilitokana na uimara wa mifupa hiyo, na ukiikata ovyo hutalirudishia gari umbo lake. Kabla ya kukata, liweke gari kwenye stendi imara juu ya sakafu ngumu, likiwa limelala sawa, uzito ukiwa kwenye sehemu za ekseli na siyo katikati ya bodi. Usitegemee jeki peke yake hata kwa dakika moja. Chomelea vyuma vya muda kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma ndani ya mlango, vikiwa vya mlalo na vya mshazari. Pima mshazari wa mlango kabla na baada. Kata upande mmoja tu, umalize, ndipo uende wa pili. Ukifungua boriti ya nje utakuta bati la ndani, na lile la ndani ndilo linalobeba. Kama nalo limeliwa, litengenezwe kwanza. Wewe safisha, kata violezo, andaa vipande, kisha mwite mchomeleaji mzoefu nyumbani kwa siku moja. Utalipa kidogo na utalala bila wasiwasi unapowapakia watoto.

Kuhusu faiba na puti, fundi wako si mtu mbaya. Anauza kile wateja wengi wanachokilipia. Lakini puti hunyonya maji. Ikipakwa juu ya kutu huwa kama sifongo iliyofungiwa, na ikiziba tundu la boriti haibebi uzito wowote. Mahali pake halali ni juu ya bati zima lililokwisha kupakwa epoksi, kwa unene usiozidi milimita tatu, kusawazisha tu. Na praima ya kijivu ya kawaida nayo hupitisha maji, ingawa wengi hawaamini. Yale magari tunayoyaona barabarani yakitembea na praima miezi mitano yakisubiri fedha ya rangi yanaota kutu chini ya praima hiyo siku zote hizo. Kama fedha imekwisha, ishia kwenye epoksi, ambayo hufunga bati kweli.

Bati likishasafishwa lisilale usiku bila kinga. Umande wa hapa kwetu unatosha kulitia rangi ya chungwa hadi asubuhi. Kwa vishimo vilivyobaki mahali pasipokatika, tumia dawa ya asidi ya fosforiki, iache ifanye kazi, isuuze na uikaushe vizuri, kwa kuwa epoksi haishiki juu ya mabaki ya asidi. Futa kwa thina na kitambaa safi, paka epoksi mikono miwili, kwa brashi ukitaka kwenye sehemu zisizoonekana, na silanti ya viungio iende juu ya epoksi, isiende kwenye chuma kitupu. Bawaba, vishikizo na bolti ndogo zilizojaa kutu zitumbukize kwenye ndoo ya molasi, ile ile wanayolishwa ng'ombe, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, uzifunike wiki mbili au tatu. Harufu yake haipendezi, lakini kutu yote hutoka na chuma hakiguswi. Usiweke humo kitu cha aluminiamu.

Panga kupulizia rangi miezi ya Juni hadi Agosti, baada ya masika. Asubuhi kati ya saa tatu na saa tano, umande umekwisha kukauka na upepo haujainua vumbi, ndiyo saa yangu. Epuka siku za mwezi mwandamo, wakati wale wadudu wadogo wa ziwani wanapopanda kama nguzo za moshi, kwani wakitua kwenye rangi mbichi kazi yote huanza upya. Na ninakusihi, rangi ya 2K, ile inayochanganywa na kigumishi, usiipulizie nyumbani. Kigumishi chake kina kemikali iitwayo aisosianeti, ambayo huleta pumu isiyoondoka, na barakoa ya vumbi haiizuii. Inatakiwa kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira. Hatua hiyo mpelekee mwenye vifaa. Thina chafu na maji ya msasa usiyamwage mtaroni yakashuka ziwani. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, lakini mtaro wa Nyakato hufika huko hata kama wewe hujafika.

Rangi ikikauka, rudi ndani ya milango na boriti uziingizie nta ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu. Kama hukuipata, yeyusha nta ya nyuki, ile inayotoka Tabora, ndani ya chombo kilichowekwa juu ya maji ya moto, mbali na moto wa wazi, uchanganye na oili mpya ya injini mpaka imiminike. Oili chafu ambayo wengi hupulizia chini ya gari siipendi, kwa sababu ina asidi, huharibu mipira, na si salama kwa ngozi ya anayepulizia. Baada ya nta, pitisha waya tena kwenye kila kitundu cha kutolea maji.

Swali lako la mwisho, kama upake gari zima: hapana, kwa maoni yangu. Paa, boneti na buti, kama rangi yake ni nzima, viache. Rangi ya kiwandani ikishasuguliwa kwa dawa ya kung'arishia itakushangaza, na hairudishwi tena ikishapigwa msasa. Fungua kile kifuniko cha mdomo wa tangi, king'arishe pande zote, ukipeleke kwa mchanganyaji wa rangi na umwambie akilinganishe juani, nje ya duka, siyo chini ya taa. Paka milango na madigadi, na rangi ikome kwenye mistari ya viungio. Halafu mvua ya kwanza ya vuli ikishanyesha, inua kapeti upande wa dereva uweke kiganja sakafuni. Pakiwa pakavu, rudisha viti.